Ajali na Matayarisho ya Safari

 

Miezi ya likizo ya skuli inapokaribia, khasa Agosti na Disemba, watu wa miji yetu ya pwani huanza kuzungumza habari za safari. Huyu ana binti aliyeolewa Meru, yule ana kijana asomaye katika Chuo Kikuu cha Embu, na wa tatu ana mshirika wa biashara huko Maua. Wengine hutoka mbali zaidi: ndugu zetu waliomo kazini Oman na nchi nyingine za Ghuba huja wakati joto la huko linapokuwa kali, wakashuka kwa ndege, kisha wakashika njia ya bara kwenda kuwaona jamaa. Safari hizi ni katika mambo mema, kwani kuunga ujamaa ni jambo lililoamrishwa. Lakini tumeona yatupasa kusema maneno juu ya namna watu wetu wanavyosafiri, kwa kuwa mtu huweza kutoka nyumbani kwake kwa nia ya kutenda jema, akaingia njiani katika mambo ya kumtia dhambini, na pengine ya kumtia kaburini yeye na wenziwe.

Tuanze na neno moja la lugha yetu. Watu husema, "Ajali haina kinga." Neno hili *ajali* asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni muda uliowekwa, yaani wakati Mwenyezi Mungu aliomkadiria kila kiumbe. Kwa maana hiyo methali ni ya kweli, wala hapana Muislamu awezaye kuikanusha. Lakini sisi leo neno hili tumeligeuza. Gari likipinduka twasema ni ajali. Dereva akilala usingizi usukanini twasema ni ajali. Breki zisipotengenezwa mwaka mzima, kisha siku moja zikakataa kushika, twasema vile vile ni ajali. Hivi ndivyo uzembe wa mtu ulivyovikwa nguo ya majaaliwa ya Mungu, na mwenye kosa akaepuka kuulizwa, kwa sababu ni nani athubutuye kuuliza juu ya jambo alilolikadiria Mola?

Jioni ya Jumapili, tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru kuja Mombasa, yaani kuja kwetu, liliacha njia penye daraja la mto Nithi, katika kaunti ya Tharaka Nithi, likatumbukia bondeni kiasi cha mita 40. Walikufa watu zaidi ya 30. Mahali pale si pageni kwa msiba: njia huteremka kwa ukali, kisha hupinda, na magari yameanguka hapo kwa miaka mingi kabla ya basi lile. Baada ya habari hizo kufika, katika baraza nyingi lilisemwa neno lile lile, kwamba siku zao zilikuwa zimefika. Ni kweli, zilikuwa zimefika, na twawaombea rehema wao na subira jamaa zao. Lakini kufika kwa siku zao hakumwondolei mwenye gari wajibu wa kulikagua, wala dereva wajibu wa kupunguza mwendo juu ya mteremko, wala abiria wajibu wa kusema.

Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akienda Sham akapata habari ya tauni iliyokuwako huko, alishauriana na watu wake, akaazimu kurejea. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu lake ni mashuhuri kwa wanavyuoni: kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu na kuiendea kadari ya Mungu. Maana yake ni kuwa hadhari nayo ni katika kadari. Mwenye kukaza mkanda wa gari hakutoka katika majaaliwa ya Mola wake, na mwenye kuacha kuukaza hakuzidi imani.

Na atakaye mfano ulio mkubwa kuliko huo, naaitazame Hijra ya Mtume wetu (S.A.W.). Hakuna msafiri aliyekuwa na haki zaidi ya kusema kuwa Mungu atamhifadhi basi hana haja ya matayarisho. Sasa tazameni alivyofanya. Abu Bakr (R.A.) aliwaweka ngamia wawili akawalisha majani ya miti kwa muda wa miezi minne, wakingoja siku ya kuondoka. Akaajiriwa kiongozi wa njia, Abdullah bin Urayqit, mtu aliyeijua nchi vizuri, na hali hakuwa Muislamu. Hakuchaguliwa kwa udugu wala kwa ujirani bali kwa ujuzi wake na uaminifu wake. Madina iko kaskazini ya Makka, nao wakatoka kuelekea kusini, wakajificha katika pango la Thawr siku tatu mpaka watafutaji walegee. Asmaa binti Abu Bakr akatayarisha chakula, akakosa kamba ya kufungia, akapasua mshipi wake. Ndiyo sababu ya kupewa lakabu yake ya mwenye mishipi miwili. Nduguye Abdullah akishinda mjini mchana akisikiliza maneno ya Makuraishi, akiwapelekea usiku. Amir bin Fuhayra akipitisha kundi la mbuzi na kondoo ili wapate maziwa, na nyayo zifutike. Na Sayyidna Ali akaachwa nyuma azirudishe amana za watu kwa wenyewe.

Hebu tuyapime mambo haya, kila moja peke yake. Chombo kilitayarishwa miezi minne kabla. Mjuzi wa njia aliajiriwa. Chakula kilifungwa. Habari za njia zilipelelezwa. Haki za watu zilirudishwa. Baada ya hayo yote ndipo wakategemea kwa Mungu, na pale pangoni, maadui walipokuwa juu ya vichwa vyao, utulivu wa Mtume ulikuwa kamili. Sisi twaligeuza jambo: matayarisho hatuna, na utulivu hatuna, twakata tikiti saa ya mwisho na kufika kituoni tukitweta.

Natuje kwenye hesabu, maana watu wengi hawajaifanya. Kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni kama kilomita 480, na kutoka Nairobi mpaka Meru kwa kupitia Embu ni zaidi ya kilomita 200. Jumla yake ni kama kilomita 700. Mwendo wa juu ulioruhusiwa mabasi ya abiria katika Kenya ni kilomita 80 kwa saa. Basi likienda 80 bila kupungua hata dakika moja, jambo ambalo haliwezekani kwa malori ya Mariakani na msongamano wa Nairobi, safari hiyo itachukua saa 8 na dakika 45. Na sheria ya magari ya Kenya yamkataza mtu mmoja kuendesha gari la abiria zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Ni wazi basi kwamba gari la Mombasa kwenda Meru, au la Meru kuja Mombasa, haliwezi kuendeshwa na dereva mmoja ila sheria mojawapo ivunjwe: ama ya mwendo, ama ya masaa, na aghlabu zote mbili. Kwa hiyo swali la kwanza la msafiri katika ofisi ya tikiti lisiwe bei, wala lisiwe kama kuna kiti cha dirishani. Liwe hili: madereva ni wangapi, na hubadilishana wapi? Akijibiwa kuwa dereva ni mmoja naye ni hodari sana, basi hilo ndilo jibu la kumtia hofu.

Katika madereva wako wanaotegemea miraa ili wasisinzie. Twajua kuwa miraa ni mazao ya Meru, hupandwa katika milima ya Nyambene, na watu wengi hupata riziki kwayo. Twajua pia kuwa wanavyuoni wamekhitalifiana katika hukumu yake tangu zamani. Ibn Hajar al-Haytami, mwenye *Tuhfa* inayosomwa katika madrasa zetu, aliiandikia risala mbali ya kuwatahadharisha watu nayo. Hapa hatutaki kuurefusha ugomvi huo. Twasema hili tu: mwenye kuhitaji majani ili macho yake yabaki wazi ni mtu aliyechoka, na majani yakiisha nguvu usingizi humjia kwa mara moja kama mdai. Kumkabidhi mtu huyo watoto wetu arubaini usiku wa manane hakuhitaji fatwa kujulikana ubaya wake.

Na abiria nao wana sehemu yao. Dereva akienda mwendo wa halali, utawasikia wakinong'ona kuwa gari ni bovu, au dereva ni mzee. Akizidisha mwendo, wale wale humsifu, na wenye kuogopa hunyamaza kwa haya. Ndugu zetu, kukataza maovu si jambo la mimbarini peke yake. Mtu mmoja akisimama katika basi akasema kwa upole, "Mwanangu, punguza, sisi hatuna haraka," aghlabu watu kumi watamwunga mkono, maana walikuwa wakingoja mwenye kuanza. Mzee mwenye ndevu nyeupe ana daraja katika gari ambayo askari wa barabarani hana, naaitumie.

Wako tena wenye matayarisho, lakini matayarisho ya namna nyingine. Gari la safari hufungwa hirizi chini ya usukani, likafukizwa ubani. Mtu akaenda kutazamiwa nyota ajue kama Jumatano ni njema au ni ya nuhusi. Akatoa fedha kwa mwenye kuandika azima zaidi ya fedha ambazo fundi alimtaka kwa kubadilisha tairi mbili zilizokwisha. Mtume (S.A.W.) ametukataza kutundika vitu hivi na kuvitegemea, na akatufundisha badala yake dua ya kupanda chombo, ambayo asili yake imo katika Suratuz-Zukhruf, na ambayo kila mtoto wa chuoni aijua. Akafundisha pia sala ya istikhara kwa mwenye kusita. Haya hayahitaji ada wala kuku mweusi. Mwenye motokaa yake mwenyewe naaipeleke kwa fundi juma moja kabla ya kuondoka, si jioni ya kuamkia safari, atazamiwe breki, tairi pamoja na ile ya akiba, taa, maji na mafuta. Kisha asome dua yake akiwa juu ya chombo alichokitengeneza.

Kabla ya kutoka nyumbani kuna haki za viumbe. Mwenye deni lililofika muda wake alilipe, au amwombe mdai wake ruhusa. Mwenye amana airudishe. Na mwenye mke na watoto awaachie masurufu ya siku zote atakazokuwa mbali, si ya siku tatu na ahadi ya simu. Na wasia uandikwe. Imepokewa kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia haimfalii kulala masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa. Watu wetu huona kuandika wasia kabla ya safari ni kujitakia mabaya. Wallahi hakuna msiba unaogombanisha ndugu kama wa mtu aliyekufa njiani, na madeni yake ameyajua yeye na Mungu wake tu. Karatasi moja ingewatosha.

Kuhusu hali ya hewa tutasema kidogo, maana mwenyeji wa pwani hudanganyika. Mwezi wa Agosti, ambao Waarabu wa Ghuba na watu wa Ulaya huuita kiangazi, kwa Embu na Meru ni kipupwe chenye ukungu na manyunyu. Miji hii iko ubavuni mwa Mlima Kenya, ambao kimo chake ni mita 5,199, na mji wa Meru wenyewe uko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari. Mwenye pumu achukue dawa yake mkononi, si katika sanduku lililofungwa juu ya basi. Watoto wachukuliwe sweta na soksi. Viatu vya ngozi vyenye kufunika vifundo vina faida mbili: huzuia baridi, na msafiri akivivaa hali ana udhu kamili, ameruhusiwa kupangusa juu yake badala ya kuosha miguu, siku tatu na masiku yake. Rukhsa hii watu wa pwani wameisahau kwa kuwa sisi ni watu wa makubadhi, lakini alfajiri moja ya Meru yatosha kumkumbusha mtu.

Na aendapo huko asiende kwa kiburi cha ustaarabu wa pwani. Wazee wa Kimeru husimulia kuwa asili yao ilikuwa mahali paitwapo Mbwaa, penye maji makubwa, ambako walidhulumiwa na watu waliowaita Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu, hata wakatoka. Baadhi ya waandishi wa tarehe wamedhani Mbwaa hiyo ilikuwa upande wa kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Huenda basi mwenyeji wako ni jirani yako wa zamani.

Sasa sala. Kuna msemo mbaya katika midomo ya watu, "Msafiri kafiri," nao wamegeuza mzaha kuwa sheria. Mtu akipanda gari huiweka sala sandukuni pamoja na kanzu. Mwenyezi Mungu amempunguzia msafiri, lakini hakumsamehe. Mwenye safari ya masafa ya marhala mbili, ambayo wengi wa siku hizi huyakadiria kuwa kilomita 80 na zaidi kidogo, akishayaacha majumba ya mji wake, ana ruhusa ya kuswali rakaa mbili badala ya nne, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Akinuia kukaa Meru siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, basi kwa madhehebu yetu ya Shafi akifika huswali kamili. Wengi hukosea hapa, wakafupisha likizo nzima.

Lakini rukhsa hizi nazo zataka matayarisho. Sala ya faradhi yataka kusimama na kuelekea kibla, na katika basi liendalo hayo hayapatikani. Basi abiria Waislamu nawazungumze na dereva kabla ya kuondoka, si katikati ya njia, kwamba gari likisimama kwa chakula wapewe robo saa. Mwenye kuchelea kukosa maji achukue chupa yake ya udhu, na kifuko cha udongo safi wenye vumbi kwa tayammamu. Ama kibla, kutoka Mombasa ni kaskazini moja kwa moja, na Embu na Meru ni kaskazini vile vile kwa kupinda kidogo sana upande wa mashariki. Msafiri asiutumie Mlima Kenya kuwa dalili bila ya kufikiri: Embu mlima uko mbele yako upande wa kushoto unapoelekea kibla, lakini Meru umekwisha kuupita, uko nyuma yako.

Aendaye kwa ndege jambo lake ni jepesi, kwani kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama saa moja, na sala zake huweza kuzipanga kabla ya kupanda au baada ya kushuka. Yeye ahadhari na mengine: jina katika tikiti liwe sawa na jina katika kitambulisho, na ajaye kutoka Ghuba aitazame tarehe ya pasipoti yake miezi mingi kabla, maana nchi nyingi hutaka iwe na miezi 6 iliyobaki. Na asiunganishe safari zake kwa kubana, akashuka Nairobi saa nne usiku kisha akapanda gari la Meru usiku ule ule kwa kuchelea gharama ya kulala. Gari la moshi lililoanza mwaka 2017 nalo ni njia njema kwa wazee na watoto mpaka Nairobi, lakini siku za likizo nafasi hujaa mapema. Binti asomaye bara asitumwe peke yake katika basi la usiku. Afuatane na maharimu wake, au wanawake waaminifu, na apokewe afikapo.

Limebaki suala ambalo huulizwa kila mwaka, nalo ni la kuondoka siku ya Ijumaa. Kwa madhehebu yetu, mtu ambaye Ijumaa ni wajibu juu yake haimfalii kuanza safari baada ya alfajiri ya siku hiyo, ila akiwa na yakini ya kuipata Ijumaa njiani, au akichelea madhara kwa kuachwa na wenziwe. Aondokaye Alhamisi kabla ya alfajiri ya Ijumaa kuingia hana neno. Ama anayekata tikiti ya Ijumaa saa moja asubuhi, naaulize kwanza gari litakuwa wapi saa sita na nusu, na kama litasimama mahali penye msikiti wa Ijumaa kwa muda wa hotuba mbili na rakaa mbili. Likiwa halisimami, basi la Jumamosi huenda Meru kwa njia ile ile.